Figo si chujio, mhariri

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu figo imezieleza vizuri dalili za hatari, ila imerudia neno ninalochoka kulisahihisha darasani: kwamba figo ni chujio tu. Nafundisha fiziolojia. Kila mwaka wanafunzi huja na chujio lao kichwani, nami huchukua wiki nzima kuling'oa.

Chujio halijui kama mwenye nalo amelala au amesimama. Figo inajua. Ukiinuka kitandani, damu hushuka miguuni na shinikizo kwenye mishipa mikubwa ya shingo hulegea kidogo. Vipokezi vilivyo kwenye kuta za mishipa hiyo hupeleka habari kwenye shina la ubongo. Amri hushuka kupitia ugwe mgongo, ule mkanda wa neva uliomo ndani ya uti, kisha neva nyingine huifuata ateri ya figo mpaka ndani. Yote hayo, nawe hujafika hata mlangoni.

Amri hiyo ina ngazi, na hapo ndipo penye uhondo. Neva zikinong'ona tu, figo hutoa renini, inayoanzisha mfululizo wa homoni za kupandisha shinikizo. Zikipaza sauti, vijirija vya figo hung'ang'ania chumvi, na maji huifuata. Zikipiga kelele, kama mtu anapovuja damu nyingi, mishipa ya damu ya figo hujibana na mkojo karibu ukauke. Mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard aliuona mkono wa neva tangu 1859: alipokata neva ya upande mmoja wa mnyama, mkojo wa figo ya upande huo uliongezeka.

Mjuzi atauliza: mbona figo ya kupandikizwa, iliyokatwa neva zote, inafanya kazi, tena tangu upandikizaji wa kwanza uliofaulu mjini Boston mwaka 1954? Swali la haki. Ubongo una njia ya pili: vasopresini, homoni inayotengenezwa kwenye haipothalamasi, sehemu ya chini ya ubongo, na kumwagwa katika damu kupitia tezi ya pituitari iliyo chini yake. Figo zetu huchuja kama lita 180 kwa siku, nasi tunakojoa lita moja na nusu hivi. Kiasi cha maji kinachookolewa mwishoni huamuliwa na homoni hiyo, bila neva kuigusa figo.

Habari hupanda pia, kutoka figo kwenda ubongoni. Neva hizo zikizidisha sauti, presha hupanda. Ndiyo maana madaktari hupitisha mrija ndani ya ateri ya figo na kuziunguza neva zinazoizunguka, ili kushusha presha sugu. Jaribio kubwa lililotangazwa 2014, ambalo wagonjwa wengine walifanyiwa tiba ya kuigiza tu, liliwakatisha wengi tamaa. Mengine yaliyofuata yalionyesha nafuu, na Marekani ikaidhinisha vifaa vya tiba hiyo 2023. Ni nafuu ya kiasi. Asiwadanganye mtu kuwa ni mwisho wa vidonge.

Halafu lile dai kwamba mtu hukimbilia chooni kabla ya mtihani kwa sababu woga "huamsha figo". Hapana. Kinachosumbua pale ni kibofu. Wakati huo neva za figo zimechachamaa, na figo inabana maji badala ya kuyaachia.

Mkiichapisha tena makala hiyo, naomba mchoro wake uongezewe mstari mmoja tu, kutoka kichwani hadi kiunoni. Huu wa sasa una figo mbili zinazoning'inia hewani kama matunda.

Mwalimu wa fiziolojia