Mwanga hafifu usiwe sababu ya kuvunja matawi ya kiota

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie picha za ndege wa porini ambazo wasomaji huziletea gazeti hili, na hasa kigezo ambacho naona kinatumika kuzichagua. Karibu zote zinazochapishwa ni zile ambazo ndege amemulikwa pande zote, hana kivuli, na nyuma yake pamelainika kama pamepigwa pasi. Ni picha nzuri, sikatai. Lakini mpiga picha chipukizi anayezitazama wiki hadi wiki hufikia kuamini kwamba picha isiyo na mwanga wa namna hiyo imeharibika, na akishaamini hivyo atautafuta mwanga huo kwa njia yoyote ile. Njia hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nilichokiona mwenyewe ni hiki. Tetere alikuwa ametaga ndani ya kichaka, na kiota chake, kama ilivyo desturi ya tetere, kilikuwa vijiti vichache tu vilivyolazwa kwenye panda ya tawi, makinda wawili wamejikunyata juu yake. Mwanga mle ndani ulikuwa haba, umechujwa na majani hata ukawa wa kijani. Mtu aliyefika kabla yangu alikuwa amevunja matawi ya upande wa mashariki ili jua la asubuhi liingie. Mahali yalipovunjwa palikuwa pabichi bado. Bila shaka alipata picha yake. Ilipofika saa nne jua lilikuwa likiwapiga makinda moja kwa moja, wamepanua midomo wakihema, na mama yao amesimama ukingoni amekunjua bawa kuwakinga. Nilirudi baada ya siku mbili nikakuta kiota kitupu. Sikuona ni nani aliyewachukua, lakini kiota kilichovuliwa majani huonwa na kunguru na mwewe sawasawa na kinavyoonwa na kamera.

Uharibifu ule haukuwa na haja yoyote, kwa sababu mwanga hafifu ni tatizo la kamera, na dawa yake imo ndani ya kamera hiyo hiyo. Wengi hawaijui kwa kuwa wameikabidhi mashine kazi ya kuamua. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba chochote kilicho mbele ya lenzi kina wastani wa rangi ya kijivu, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Hakijui ndege ni nani na matete ni yapi. Nilipoanza kazi hii nilimvizia yangeyange ukingoni mwa bwawa alfajiri, nyuma yake matete yakiwa bado gizani. Kamera ikalipima lile giza, ikaona mwanga hautoshi, ikauongeza, na nilipoitazama picha nikakuta umbo jeupe mfano wa karatasi iliyokatwa kwa mkasi, bila unyoya hata mmoja kuonekana. Yangeyange wa namna ile anataka upunguze mwanga hatua moja, yaani nusu ya kile ambacho kamera imependekeza, na pengine zaidi. Mnandi mweusi aliyetua juu ya tawi kavu, mbingu nyeupe nyuma yake, anataka kinyume chake: ongeza hatua moja, hata mbili, usijali mbingu ikipotea. Atakayewapima wote wawili kwa manyoya yao, si kwa kilicho nyuma yao, atakuwa ameshinda sehemu kubwa ya vita.

Na kama ni lazima kukosea, ni heri kukosea upande wa giza kuliko kuunguza weupe. Weupe ulioungua haurudi kwa ufundi wowote wa kompyuta, ilhali kivuli huweza kufunuliwa baadaye, hasa kwa anayehifadhi faili ghafi la biti 14, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla haijachakatwa, ambalo kila rangi ina ngazi 16,384 za mwanga, badala ya JPEG, faili la kawaida lililobanwa, yenye ngazi 256 tu.

Linabaki suala la kasi. Ndege anayeruka huhitaji kasi ya shata, yaani muda ambao pazia la kamera hubaki wazi, ya 1/2000 ya sekunde hivi ili mbawa zake zisifanye ukungu. Aliyetulia tuli anaweza kupigwa kwa 1/250, na kwa stendi ya miguu mitatu hata chini ya hapo. Chini ya miti minene kasi hizo hazipatikani mpaka ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga, ipandishwe hadi 3200 au 6400, na hapo ndipo chembechembe hujitokeza katika picha. Wapiga picha wengi huziogopa chembechembe hizi kupita kiasi, nami nadhani hofu hiyo imetokana na picha wanazoziona zikichapishwa. Jicho la ndege likiwa kali, chembechembe ni jambo dogo. Jicho likiwa na ukungu, ulaini wa picha nzima haumsaidii mtu. Isitoshe, gazeti lenyewe huchapisha picha kwa nukta za wino, ambazo humeza sehemu kubwa ya chembechembe zile kabla hazijamfikia msomaji.

Picha ya kiota chenye mayai iliyopigwa na ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, mwaka 1892, huhesabiwa miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za aina yake. Sahani za kioo zilizonasa picha ndani ya kamera za zama zile zilipokea mwanga polepole mno, na mayai yalikuwa na sifa moja kubwa: hayasogei. Sisi tuna kamera zinazoona mahali ambapo macho yetu yanapapasa. Hatuna tena sababu ya kung'ang'ania viota.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaomba mambo mawili. Kwanza, uzipe nafasi picha za mwanga mgumu: hondohondo aliyepigwa jua likiwa nyuma yake, mdomo wake uking'aa pembeni kama kaa la moto; chozi aliye kivulini, anayeonekana mweusi mpaka ageuze shingo ndipo kijani chake kiwake, kwa kuwa rangi ile hutokana na umbile la unyoya na pembe ya mwanga. Pili, kila inapoletwa picha ya kiota, aliyeipiga aulizwe alisimama umbali gani na kama aligusa tawi lolote, na asipotoa jibu la kuridhisha picha yake isichapishwe, hata ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote zilizopokelewa wiki hiyo.

Wako,
Msomaji na mpiga picha wa ndege