Barua kwa Rehema: hiyo chupa iliyobaki usiifungue

Rehema mwenzangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto wazima, na Mzee, mbwa wangu, yupo, anakoroma miguuni pangu hapa ninapoandika. Za huko sijui, maana ujumbe wako wa jana ulikuwa wa mbwa mtupu. Hata goti la mama hukuligusia. Nilikuwa nasoma huku nacheka, mpaka nilipofika pale uliposema mbwa wako Wingu ameanza tena kukung'uta kichwa, sikio linanuka, na kwamba "kuna dawa ilibaki ile ya mwezi wa tatu, nitamtia hiyo hiyo." Hapo kicheko kikaisha. Tafadhali, hiyo chupa iache ilipo.

Nisikilize kwanza, ukitaka kununa utanuna baadaye.

Sikio la mbwa halikukaa kama letu. Tundu lake linateremka chini, kisha linakata kona kuelekea ndani ya kichwa, na kiwambo cha sikio kiko huko mwisho baada ya kona. Kwa hiyo ukilifunua lile sikio la Wingu ukachungulia, unaona mlango tu. Usaha uliojaa baada ya kona, au ncha ya nyasi iliyochoma huko ndani, huvioni mpaka daktari aingize kile kifaa chake chenye taa. Na kiwambo chenyewe kinaweza kuwa kimetoboka kwa ajili ya ugonjwa. Kikitoboka, dawa nyingine zinazolifaa sikio zima, antibiotiki ya gentamicini kwa mfano, zinaweza kupenya hadi sikio la ndani zikamwondolea mbwa usikivu, au akawa anayumba akitembea. Hata dawa hiyo hiyo iliyomponya mwezi wa tatu, Rehema! Daktari anayejua kazi yake hatii tone kabla ya kuangalia.

Halafu hujui safari hii kuna nini humo. Nta ya kahawia yenye harufu ya kuchacha mara nyingi ni fangasi, wale wanaoitwa Malassezia, ambao hukaa kwenye ngozi ya mbwa siku zote bila fujo mpaka wapate joto na unyevu. Usaha wa njano au kijani, na mbwa analia ukimgusa, hapo fikiria bakteria, na wengine wao ni wakaidi kwelikweli. Utitiri wa masikio nao upo, zaidi kwa watoto wa mbwa, huo huacha uchafu mweusi mkavu unaomong'onyoka. Lakini kunusa na kutazama rangi ni kubahatisha. Daktari anafuta kidogo kwa pamba, anapaka kwenye kipande cha kioo, anatia rangi, anaangalia kwa hadubini. Ni kazi ya dakika chache. Dawa ya bakteria haiui fangasi, na antibiotiki ukiitia ovyo ovyo unawafundisha bakteria kuizoea.

Najua Kassim atakwambia, "Ah, mbwa wa masikio ya kulala ndivyo walivyo." Kassim bwana! Kasema nusu tu. Sikio likilala linaziba hewa, na manyoya yale ya sufi yanashika maji na nta, kwa hiyo Poodle, Cocker Spaniel na machotara wao husumbuka kuliko wenzao wenye masikio ya kusimama. Lakini wapo wengi wenye masikio hayo hayo wanaozeeka bila kuugua hata siku moja. Sikio likiugua, likapona, likarudi, mara nyingi kuna kitu chini yake, na anayeshukiwa kwanza ni mzio: wa chavua, wa vumbi, au wa chakula. Ngozi ya ndani ya sikio ni ngozi kama ile ya tumboni na kwenye vidole, ikiwasha huku na kule inawasha. Nakumbuka uliwahi kuniambia Wingu anajilamba miguu usiku mpaka anakukera. Ukamwambie daktari hilo, usiseme sikio peke yake. Akishuku chakula atakupa mlo maalumu wa wiki 8 hivi au zaidi, bila kingine chochote kinywani, na hapo ndipo utamjua Tatu na vile vipande anavyomdondoshea chini ya meza!

Na hii chupa inanirudia tena. Kwa nini dawa ilibaki? Labda chupa ilikuwa kubwa, sikatai. Ila nakujua. Mbwa anaacha kujikuna baada ya siku chache, harufu inakata, nasi tunasema amepona, kumbe huko baada ya kona bado. Dawa inamalizwa kwa siku alizosema daktari, kisha mbwa anarudishwa aangaliwe tena, hata kama anaonekana mzima. Ile safari ya pili ndiyo watu wanaikwepa.

Mzee wangu alikuja kwetu sikio la kushoto likiwa limeshaharibika. Ukuta wa tundu ulikuwa umenenepa kwa miaka ya kuugua na kupona nusunusu, umekuwa mgumu, nafasi ya dawa kupita hakuna. Wakamfanyia operesheni wakalitoa tundu lote. Sasa hana maumivu, amekuwa mchangamfu ajabu, ila upande huo ukimwita hakusikii (au ndivyo anavyotaka nisadiki, maana bakuli likigongwa anasikia pande zote). Sisemi Wingu atafika huko. Ila wanaofika huko walianza hivi hivi.

Sasa kuhusu yule mnyoaji wako anayeng'oa manyoya ya ndani ya sikio. Hapo hata madaktari hawakubaliani. Mimi naona hivi: kama sikio ni zima na manyoya hayajafanya donge, yaachwe, kwa sababu kila unywele unaong'olewa unaacha kijidonda na ngozi inavimba. Yakishikana na nta yakaziba tundu, hapo yapunguzwe, na daktari aseme lini. Sikio likiwa jekundu usimruhusu kuyagusa. Anachoweza kukusaidia ni kunyoa kwa mashine upande wa ndani wa sikio na kuzunguka mlango wake, hewa ipite, na manyoya mazito ya nje ya sikio ayapunguze kidogo. Najua unapenda akae kama mto wa kulalia. Vumilia.

Kusafisha ni kwa baadaye, akishaangaliwa. Pata maji maalumu ya kusafishia masikio ya mbwa, jaza tundu, kanda pale chini ya sikio kama nusu dakika mpaka usikie chubwi-chubwi, kisha mwachie ajikung'ute. Simama mbali! Halafu futa kinachotoka kwa pamba, kadiri kidole chako kinapofika tu. Vijiti vya pamba hapana, vinasukuma uchafu kwenye kona. Siki, spiriti na peroksaidi kwenye ngozi iliyovimba ni mateso, na yale mafuta ya mti wa chai anayoyasifia Salma ni sumu kwa mbwa, usithubutu. Akioga au akiogelea, msafishe kwa maji yale yenye kukausha, ukaushe na manyoya. Zaidi ya hapo usimwandame: sikio safi lisilonuka halihitaji kuoshwa kila siku, ukizidisha unaliloweka wewe mwenyewe. Mzoeshe tu kufunuliwa na kunuswa kila wiki, siku ambazo haumwi, ili siku ya kuumwa asikimbilie chini ya kitanda.

Nilitaka kukueleza pia habari ya Kassim na gari, lakini hiyo inataka barua yake.

Kuna mambo ambayo ukiyaona usingoje hata kesho: akiinamisha kichwa upande mmoja na kubaki hivyo, akitembea kwa kuyumba, macho yakichezacheza yenyewe, akilia anapofungua mdomo, au sikio lenyewe likijaa kama mfuko. Hilo la mwisho ni damu imevilia ndani, mishipa imepasuka kwa kukung'uta sana.

Sasa nijibu, na si kwa neno moja kama ulivyozoea. Ni sikio moja au yote mawili? Lile la mwezi wa tatu lilikuwa upande huu huu? Daktari aliangalia kwa hadubini au aliandika dawa tu? Alikuambia umrudishe, nawe ukamrudisha? Miguu bado anailamba? Ameingia majini siku hizi? Na umepata nafasi lini ya kumpeleka, au nimwombe Kassim akupeleke na hilo gari lake, kama linawaka? Goti la mama je? Tatu amekulipa? Mwambie Salma simchukii, ni yale mafuta tu.

Wako,
Zuhura

Nyongeza: ukienda, usimsafishe sikio asubuhi yake ili apendeze. Daktari anataka kuuona uchafu kama ulivyo. Na hiyo chupa mpelekee, umwonyeshe jina la dawa, kisha umwachie huko huko.