Mhariri, wanafunzi wa tovuti wapewe mashine pepe kabla hawajagusa seva za watu

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo lipo siku nyingi na sioni mtu analisema, nalo ni namna vijana wetu wanaosomea kutengeneza tovuti hapa Mbeya na huko Iringa na Njombe wanavyofundishwa kazi. HTML wanafundishwa vizuri, CSS sawa, PHP (lugha inayoendesha tovuti upande wa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti) kidogo na WordPress (programu tayari ya kutengenezea tovuti) kwa wingi, halafu ikifika mahali pa kujaribu wanaambiwa nunua domeini (jina la tovuti), nunua hostingi (nafasi ya kukodi kwenye seva), pandisha mafaili uone inakuwaje. Yaani majaribio yanafanyika laivu kwenye saiti ambayo watu wanaitegemea. Shule imeweka fomu ya kujiunga kidato cha kwanza, mzazi yuko Chunya anaifungua usiku baada ya kazi anakutana na ukurasa mweupe umeandikwa error kwenye mstari fulani, kumbe fundi ndo yuko katikati anajaribu plagini (nyongeza ya WordPress) mpya.

Hoja yangu ni moja tu. Kabla mwanafunzi hajagusa seva ya mtu awe na seva yake mwenyewe ndani ya laptopu yake, mashine pepe, na vyuo ndo viwagawie.

Kwa asiyeijua, mashine pepe ni programu unaiweka kwenye Windows yako ya kila siku, nayo inatengeneza kompyuta nyingine nzima humo ndani, ina diski yake ambayo kwa kweli ni faili moja kubwa tu, ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) uliyoipimia wewe, ina kadi ya mtandao, unaiwasha unaizima, na ndani yake unaweka Linux, mfumo endeshi kama Windows ilivyo, kama ile inayoendesha seva nyingi za hostingi duniani. Ukiiharibu umeiharibu yenyewe, Windows yako haina habari. Wengi wanatumia VirtualBox, hii ilitoka 2007 kwa kampuni ya Kijerumani ya Innotek, Sun wakainunua kampuni hiyo 2008, Oracle nao wakaja kuimeza Sun 2010, na mpaka leo unaipakua bure. Ile nyongeza yake ya Extension Pack ndo ina leseni yake tofauti, mwanafunzi haimsumbui, ila ofisi isome kwanza kabla ya kuiweka.

Najua atatokea mwalimu aseme mbona sisi tunafundisha XAMPP, ile programu inayoweka seva ya majaribio moja kwa moja kwenye Windows, inatosha. XAMPP mimi siikatai, kwa wiki za mwanzo ni nzuri sana, unabofya mara mbili Apache (programu inayotoa kurasa za tovuti) imewaka na databezi (ghala la taarifa za tovuti) imewaka. Shida yake ni kwamba bado uko Windows na seva unayoenda ni Linux. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye jina la faili, Linux inajali, kwa hiyo picha umeiita Nembo.JPG kwenye ukurasa ukaandika nembo.jpg, nyumbani inaonekana safi kabisa, ukipandisha inapotea na unaanza kumlaumu mwenye hostingi. Halafu kuna ruhusa za mafaili, folda ya kupokea picha ambayo kwenye Windows iliandikika bila maswali, kule seva inagoma. Na kibaya zaidi ni hizi XAMPP za kizamani zinazozunguka kwenye fleshi, zina PHP 5, na vile vitini vya kutoa kopi kwenye stationari za karibu na geti la chuo bado vinafundisha mysql_connect, amri ya PHP ya kuunganisha tovuti na databezi, kitu ambacho kiliondolewa kabisa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015! Kijana anakariri, nyumbani inakubali, anaenda kwa mteja kwenye PHP 8 saiti nzima inakataa kufunguka. Sasa kwenye mashine pepe unaweka toleo lilelile la PHP ambalo hostingi ya mteja inatumia, ikigoma inagomea kwako.

Ila hapo kuna mtego nautaja kwa sababu wengi unawapiga chenga. VirtualBox ina kitu cha kushea folda kati ya Windows na ile Linux ya ndani, watu wanakipenda maana unaandika kwenye Windows na Linux inayaona mafaili palepale, lakini folda hiyo bado iko kwenye diski ya Windows kwa hiyo ile tabia ya kutojali herufi kubwa inakufuata humohumo. Kabla ya kukabidhi kazi nakili mafaili yakae kwenye diski ya mashine pepe yenyewe ndo ujaribu.

Hapa kwetu hili halipaswi kuwa geni hata kidogo. Pale TARI Uyole, taasisi ya utafiti wa kilimo, watafiti wa maharage hawampi mkulima mbegu ambayo haijapita kwenye vitalu vyao vya majaribio, na hakuna mkulima anayewauliza kwa nini mnachelewa.

Sasa tuje kwenye bando, maana ndo sababu ya kwanza utakayopewa na kwa kweli ni sababu ya haki. Faili la Ubuntu Server, moja ya Linux za seva, linapita GB 2, kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku hiyo ni hela ya kula. Debian, Linux nyingine, ile ndogo ya netinst (ya kusakinishia mtandaoni) haifiki GB 1, ila nayo ikishaanza inavuta vitu vingine mtandaoni. Lakini Mhariri, hili faili linatakiwa lipakuliwe mara moja tu na mtu mmoja! Chuo kina intaneti, msimamizi wa maabara anapakua, anaweka Linux, Apache, PHP na databezi ya MariaDB, anaiset ikae sawa, halafu VirtualBox inamruhusu kuitoa mashine yote ikawa faili moja la OVA. Hilo unaliweka kwenye kompyuta ya maabara, kila mwanafunzi anakuja na fleshi yake anakopi, anaenda geto kwake Iyunga au Soweto anabofya Import, kazi imeisha bila bando. Angalizo tu, fleshi nyingi ziko FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili) na hiyo haipokei faili moja linalozidi GB 4, watu wanadhani fleshi mbovu wanaitupa wakati ni kuiformati exFAT tu. Na kwa kuwa linapita mikono mingi, chuo kibandike ukutani namba ya SHA256 ya faili hilo (alama yake ya utambulisho, hubadilika faili likibadilishwa), mwanafunzi akishakopi anaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, analinganisha, zikipishana hata herufi moja asilifungue. Nenosiri nalo abadilishe siku hiyohiyo maana darasa zima wamepewa lilelile.

Sababu ya pili ni laptopu zetu. Nyingi ni used, RAM GB 4, na mtu akijaribu VirtualBox anakutana na ujumbe unataja VT-x, yaani uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, akiipeleka kwa fundi wa kupiga windo anaambiwa hii mashine haina uwezo nunua nyingine. Mara nyingi sio kweli. Uwezo huo Intel waliuanza 2005 na AMD wakafuata 2006, kwa hiyo laptopu za miaka ya karibuni karibu zote unao, umezimwa tu kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka. Fungua Task Manager, nenda Performance, bofya CPU, pale chini utaona neno Virtualization, kama limeandikwa Disabled zima mashine, iwashe huku unabonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, Dell mara nyingi ni F2 na HP ni F10, utafute hiyo Virtualization Technology uiwashe uhifadhi. Hakuna cha kununua. Upande wa RAM siri ni moja, seva haihitaji desktopu, usiweke hayo madirisha na vipicha, Debian tupu ya maandishi unaipa GB 1 inakimbia vizuri na Windows inabaki na yake, ila ufunge na zile tabu za brauza ishirini. Laptopu itapata joto kiasi, kwa baridi ya Juni ya hapa Mbeya sidhani kama kuna atakayelalamika.

Umeme je? Ukikatika katikati ya kuapdeti databezi ujue kuna hatari ya databezi kuharibika, na wengi wetu betri zimekufa laptopu inaishi kwa waya. Mashine pepe ina kitu kinaitwa snepshoti, kabla ya kugusa lolote la hatari unaipiga, unaendelea, likitokea la kutokea unarudi nyuma mpaka pale ulipopiga kama vile hujafanya kitu. Wengine wanaifanya ndo bakapu yao, hapana, snepshoti inakaa kwenye diski ileile, diski ikifa vyote vimekwenda, bakapu iwe nje.

Kuna faida nyingine wala haifundishwi darasani. Umemtengenezea tovuti chama cha ushirika cha kahawa huko Mbozi, unataka viongozi waione kabla ya kulipa, na mtandao pale unashika ukipanda kichuguu. Kwenye VirtualBox unaelekeza poti (mlango wa mtandao) 8080 ya laptopu iende poti 80 ya mashine pepe, unawasha hotspoti ya simu hata bila bando, laptopu inajiunga, simu ya mwenyekiti inajiunga, anaandika namba ya IP ya laptopu na hiyo 8080 mwishoni, tovuti inafunguka kwenye simu yake mwenyewe, anaona menyu imebanana, anasema hapa herufi ndogo sana sisi wazee hatuoni, unarekebisha palepale. Ikikataa angalia fayawoli ya Windows kwanza, asilimia kubwa ni yenyewe.

Wenye kujua zaidi watasema siku hizi ni Docker bwana, programu inayoendesha vitu vya seva kwenye vifurushi vidogo vinavyojitegemea, mambo ya mashine pepe ni ya zamani. Docker nzuri na ni nyepesi, ila ukiiweka kwenye Windows na unaendesha vitu vya Linux, hiyo Docker yenyewe inakaa ndani ya mashine pepe, sasa bora kijana aijue nyumba anayoishi. Kuna na Vagrant ya Mitchell Hashimoto, tangu 2010, unaandika faili moja fupi la maelezo ukisema vagrant up mashine inajijenga, kwa vijana wanaofanya kazi kwa timu mmoja Tukuyu mwingine Makambako hiyo inawafaa maana wote wanakuwa na seva inayofanana. Waliobadilishiwa mambo na leseni yake ya 2023 ni makampuni yanayoshindana na wenye Vagrant, mwanafunzi aendelee tu.

Kuna jambo moja nalo nataka vyuo vilisisitize, kwamba mashine pepe haina ruhusa ya kubeba taarifa za watu. Naona fundi anakopi databezi nzima ya zahanati au ya shule, majina, namba za simu, magonjwa ya watu, anaiweka kwenye laptopu anayopanda nayo daladala, ikiibiwa stendi imekwenda na siri za watu wote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, sio mapambo ile. Jaza majina ya kubuni, fomu haijui tofauti.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa idara za kompyuta, kuanzia chuo kikuu cha pale Iyunga mpaka hivi vituo vidogo vya Mwanjelwa na Mafiati, washeni hiyo VT-x kwenye kompyuta zote za maabara likizo hii wanafunzi wakiwa hawapo, wekeni faili la OVA, na mtihani wa vitendo uwe kuitoa tovuti kwenye mashine pepe kuipeleka seva bila kitu kuvunjika. Na nyie wateja, wakuu wa shule na wenyeviti wa vyama, kabla ya kutoa advansi mwulizeni fundi anajaribia wapi kazi zake, akijibu kwamba kwenye tovuti yako hiyohiyo tafuteni mwingine. Kazi ya kuwasha hizo BIOS ni ya Jumamosi moja tu kwa maabara, mafundi tupo hapa mjini, chuo kikituita mimi nakuja na fleshi yangu.

Msomaji wako,
Fundi wa tovuti,
Soweto, Mbeya