Ile 5.9 "tu" yako

Mwanangu Koku,

Meseji yako ya juzi nimeisoma nikacheka, halafu nikakaa kimya. Eti umejifunza chuoni kwamba 5.9 ni tetemeko la wastani tu, Wajapani wanaendelea kunywa chai, sasa baba mbona lori la mchanga likipita hapa nyumbani mpaka leo unashika meza. Haya mama, nakujibu, ila kaa chini maana sitafupisha.

Wewe ulikuwa darasa la tatu. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, hapa kwetu Bukoba, saa tisa na nusu kasoro kidogo mchana, bibi yako yuko uani anamenya ndizi. Kwanza kukaja mvumo kutoka chini, mi nikajua ni lori linapanda kilima, halafu kama kishindo kimoja miguuni, na sekunde chache baadae ndo nyumba ikaanza kwenda kushoto na kulia kama mtumbwi. Baadae nikaja kuelewa kwamba yale yalikuwa mawimbi mawili tofauti, lile la haraka linasukuma na lile la pili linayumbisha, na wataalamu wanahesabu sekunde zilizopita kati yake, kila sekunde moja ni kama kilomita 8 hivi za umbali. Mi sikuhesabu kitu. Nilikubeba wewe na kisu cha bibi, sijui kisu nilikibeba cha nini.

Hilo la kwanza ndo mnalolisoma, watu wasiopungua 17 wakatutoka, Ihungo na Nyakato shule zikafungwa, mtaa wa Hamugembe nyumba zikalala chini. Lakini mi lililonimaliza ni lile dogo lililofuata, kuhusu hilo hatujawahi kuongea.

Usiku tulilala nje chini ya migomba kama mtaa mzima. Baridi ikawa kali, nikasema niingie dakika moja tu nitoe godoro na kile kifaili cha vyeti, cheti chako cha kuzaliwa kimo humo. Ukuta wa sebuleni ulikuwa na ufa kutoka dirishani mpaka juu, nilikuwa nimeuona mchana, biro ilikuwa inaingia. Nimeshika godoro upande mmoja, tochi ya simu mdomoni, ardhi ikarudi tena. Sekunde tatu, nne, sio zaidi. Nikauona ule ufa unafunguka na kufunga, mama, kama mtu anayetaka kusema kitu, vumbi la udongo likanijaa machoni na nyuma yangu ukuta wa jikoni ukaenda wote kwa mara moja. Huko nje mama yako anaita jina langu na mi siwezi kuitika kwa sababu ya ile simu mdomoni.

Sasa tuje kwenye hesabu zako. Kuna mtaalamu wa matetemeko, Charles Richter, mwaka 1935 kule California alitaka namba moja ya kulinganisha matetemeko, wazo la kuyapa daraja akaliiba kwa wale wanaopima mwanga wa nyota. Alichukua seismografu yake, ile mashine inayochora mtikisiko wa ardhi, akasema, tetemeko likiwa kilomita 100 kutoka kwenye mashine na mstari unaochorwa ukapanda milimita 1, hiyo ni 3. Ukipanda sentimita 1 ni 4. Sentimita 10 ni 5. Umeona mchezo wake? Hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo 5.9 kwenye ile mashine yake ingetaka karatasi ya karibu sentimita 80. Na hiyo ni kuyumba tu, nguvu inayotoka inapanda kama mara 32 kila hatua, hatua mbili ni kama elfu moja. Siku hizi hata hawatumii hiyo kwa makubwa, tangu 1979 wana hesabu ya wataalamu wawili, Hanks na Kanamori, wanaangalia eneo la mwamba lililokatika, limeteleza kiasi gani na mwamba wenyewe ni mgumu kiasi gani, ila redioni bado wanasema Richter na sisi tumezoea. Ndo maana tulianza kusikia 5.7 halafu ikawa 5.9, mtaani watu wakasema wanatuficha, kumbe vituo vingi zaidi vya kupimia vinaleta data na hesabu inarekebishwa.

Yale yanayofuata, mkubwa wao kwa kawaida huwa chini ya mama yake kwa kama 1.2. Chukulia 4.7 basi. Kwa nguvu hiyo ni ndogo mara sitini na kitu. Mara sitini! Na ndiyo iliyoangusha ukuta, kwa sababu ukuta ulishauawa mchana ulikuwa unasubiri tu kusukumwa.

Hiyo namba ni ya tetemeko, sio ya pale ulipo wewe. Ni kama spika za harusi ya jirani, DJ kafungua sauti kiwango kimoja, aliye mlango wa pili glasi zinacheza kabatini na aliye kilima cha pili anasikia besi tu. Cha kupima glasi kipo pia, ni kile kipimo cha Mercalli, kinaandikwa kwa namba za Kirumi kuanzia I mpaka XII, na hicho hakihitaji mashine, kinauliza watu waliamka, chimney zilianguka, kuta zilipasuka? Letu lilikuwa chini kama kilomita 40, ndo maana hata Uganda na Rwanda walilisikia. Hao Wajapani wako wanakunywa chai kwa sababu ya nondo, sio kwa sababu ya namba. Sisi tulijenga kwa tofali la kuchoma na udongo.

Hapo Dodoma ulipo ndo ilipo Taasisi ya Jiolojia, ukipata nafasi nenda uwaombe wakuonyeshe mashine zao, halafu uniambie kama bado zinachora kwenye karatasi au ni kompyuta tupu.

Ule ufa fundi kauziba mara mbili. Mwaka huu umerudi, mwembamba, biro haiingii ila kadi ya benki inaingia. Nimeweka alama mbili kwa penseli na tarehe, likizo ukija uje na rula. Kifaili cha vyeti nimekihamishia kwenye msumari nyuma ya mlango wa mbele.

Baba yako