Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi: Sheria inauliza mzazi, haiulizi babu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

Yah: Uthibitisho wa uraia kwa Waislamu wa Tanga wenye asili ya nje ya nchi

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum. Ninakuandikia kutoka Ngamiani, jijini Tanga. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na katibu wa kamati ya msikiti wa mtaani kwetu, na kwa sababu ya kazi hizo mbili watu huniletea makaratasi yao niyasome na niwaandikie barua. Kwa miaka ya karibuni mengi ya makaratasi hayo yamekuwa ya shauri moja: mtu aliyezaliwa Tanga, akasoma Tanga, akaoa au kuolewa Tanga, anaambiwa alete uthibitisho kwamba babu yake mzaa baba alikuwa raia. Ninakuandikia hadharani kwa kuwa Idara ya Uhamiaji na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa zote ziko chini ya wizara yako, na kwa kuwa shauri hili, kwa jinsi ninavyolielewa, linaweza kurekebishwa kwa waraka wa wizara bila kusubiri sheria mpya.

Watu ninaowasemea si wa kabila moja, wala si wageni wa jana. Wamo Washihiri, ambao wazee wao walikuja na majahazi wakati wa kaskazi kutoka Mukalla na Shihr, bandari za Hadhramaut huko Yemen, wakarudi kwa kusi wamepakia boriti, mpaka wakatokea walioacha kurudi, wakafungua maduka, wakauza kahawa, wakaoa Wadigo, Wabondei na Wasegeju. Wamo Wangazija, Mabohora na Wahindi wa Kisuni. Wamo wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge kutoka Msumbiji, Nyasaland (Malawi ya leo), Rwanda na Burundi, baadhi yao wakiwa Waislamu tangu kwao na wengine wakasilimu hapa hapa mashambani. Mkonge uliingizwa Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo ndipo ilipoanza kujengwa reli ya Usambara. Tangu hapo mji huu haujapata kuwa mji wa watu wa asili moja. Wamo pia Wazigua waliorejea kutoka Somalia, na hao nitawaeleza mbele kwa kirefu.

Niseme kwanza jinsi mambo yanavyokwenda. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikwenda katika ofisi moja ya umma kuomba hati ya kusafiria ili amsindikize mama yake Hija. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, vyeti vya darasa la saba na kidato cha nne, kadi ya mpigakura na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Afisa aliliangalia jina lake, ambalo linaishia kwa nisba ya Kihadhrami, yaani jina la ukoo linaloonyesha asili ya Hadhramaut, akamuuliza babu yake alizaliwa wapi. Kijana hakufundishwa kusema uongo, akajibu kwamba babu alizaliwa Hadhramaut. Tangu hapo ombi lake likageuka kuwa kesi: alete cheti cha kuzaliwa cha babu, alete hati ya babu kuukana uraia wa kwao, alete mashahidi, na kila alipoleta kimoja akaambiwa kimepungua kingine. Msimu wa Hija ukapita. Mama yake ni mtu mzima, na afya yake si ya kuahidiwa mwaka mwingine.

Hakuna aliyemuuliza kijana yule habari za bibi yake, na hilo ndilo lililonifanya niandike. Mama wa baba yake alikuwa Mdigo aliyezaliwa upande wa Mkinga. Sheria ya uraia iliyoanza kutumika siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, ilimfanya kuwa raia wa Tanganyika kila aliyezaliwa nchini ambaye hadi siku iliyotangulia alikuwa mtu wa hifadhi ya Uingereza au raia wa Uingereza na makoloni yake, mradi mzazi wake mmoja awe naye alizaliwa nchini. Mzazi mmoja, awe baba au mama. Baba wa kijana yule alizaliwa Tanga katika miaka ya 1950, na mama yake alizaliwa Tanganyika. Kwa hiyo ule usiku wa Uhuru ulimkuta mtoto na kumwacha raia, hata kama mzee wake wa Hadhramaut hakuwahi kujaza fomu yoyote maishani mwake. Kijana mwenyewe ni mtoto wa raia, tena amezaliwa nchini. Pahali alipozaliwa babu hapabadilishi chochote katika hesabu hiyo.

Wala hii si habari ya nyumba moja. Wengi wa wanaume waliokuja na majahazi walikuja peke yao na wakaoa hapa. Desturi yetu ya Kiislamu humpa mtoto nasaba ya baba, kwa hiyo jina humtaja babu wa Shihr na kumnyamazia bibi wa Moa, wa Jasini au wa Pangani. Afisa anayeutafuta uraia ndani ya jina anauona upande mmoja tu wa ukoo, na kwa watu wetu upande huo mara nyingi sio uliowapa uraia. Inaniuma kuona bibi zetu, ambao walizaliwa katika ardhi hii na kuzikwa humo, hawahesabiwi kabisa dirishani, kana kwamba watoto wao walizaliwa na majahazi.

Kwa waliozaliwa baada ya Muungano, shauri ni jepesi zaidi. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, Sura ya 357, kinamhesabu kuwa raia, tangu kuzaliwa kwake, kila aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano siku ya Muungano au baada yake, isipokuwa mtoto wa wasio raia ambaye baba yake ana kinga ya kibalozi, na yule aliyezaliwa na adui mahali palipokaliwa na adui. Ninafahamu kwamba katika utekelezaji imekuwa ikidaiwa pia kwamba mzazi mmoja awe raia. Sitabishana na msimamo huo hapa, ingawa kwangu maneno ya sheria yako wazi. Hata tukiukubali, msimamo huo unaishia kwa mzazi, na kwa mzazi mmoja, haumfikii babu.

Waliotangulia walilizungumza jambo hili bila kuficha. Mwezi Oktoba 1961, muswada wa uraia ulipokuwa bungeni, walikuwapo wajumbe waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliwapinga kwa ukali, akaeleza kwamba uraia wa nchi yetu utasimama juu ya utii kwa nchi na si juu ya rangi, na kwamba Serikali yake itajiuzulu iwapo hoja yao itapita. Haikupita. Kwa sababu hiyo Amir Jamal, Mwismaili aliyezaliwa Mwanza katika ukoo uliotoka Gujarat, aliweza kutuongozea Wizara ya Fedha kwa miaka mingi; na Salim Ahmed Salim, aliyezaliwa Pemba mwaka 1942 na mwenye asili ya Oman, aliweza kuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano na baadaye Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia mwaka 1989 hadi 2001. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa pahali alipotokea, kwa rangi au kwa dini yake.

Tatizo la pili ni la vyeti. Usajili wa vizazi wakati wa ukoloni haukuwafikia Waafrika walio wengi, na hata Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba wenye vyeti vya kuzaliwa Tanzania Bara hawakufika mtu mmoja kati ya watano. Kwa hiyo, kama kila mwombaji angedaiwa cheti cha babu, wengi wetu tungeshindwa, mimi Mbondei nikiwa wa kwanza. Lakini mimi sijawahi kudaiwa. Nilipojiandikisha kupata kitambulisho cha taifa nilitaja majina ya wazazi wangu na kijiji chao, nikaaminiwa. Jirani yangu Mshihiri, ambaye tulisoma darasa moja na tukapigania kiti kimoja mbele ya ubao, hakuaminiwa. Tofauti yetu ni jina na pua.

Si kwamba watu hawa hawana ushahidi. Kamati yetu ina madaftari ya ndoa ambamo wali (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi na mahari vimeandikwa kwa hati za Kiarabu na za Kiswahili. Shule zina rejesta za wanafunzi. Wako wenye barua za ajira za bandari na reli, wenye hati za nyumba za Ngamiani, wenye kadi za kliniki za mama zao. Haya ndiyo makaratasi ambayo watu wa pwani waliyatunza masandukuni, na mengi ni ya kale kuliko ofisi zinazoyakataa.

Sasa nieleze habari za Wazigua. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliiangukia nchi ya Uzigua, na watu wengi wakachukuliwa utumwani hadi Somalia. Waliotoroka walijikusanya katika misitu ya Mto Juba, wakalima, wakasilimu, na kwa vizazi vyote hivyo wakaendelea kusema Kizigula. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na wenye bunduki kuwavamia wakulima wa bonde lile, wako waliokimbilia kambi za Kenya, ambao kuanzia mwaka 2003 maelfu yao walipokelewa Marekani. Na wako walioteremka na pwani mpaka Tanga, kwa kuwa walikuwa wamesikia kwa wazee wao kwamba kwao ni huku. Walikaa kwanza Mkuyu, karibu na mji wa Handeni, kisha Serikali ikawatengea ardhi Chogo, katika wilaya hiyohiyo, na kuwafungulia njia ya kuwa raia. Hakuna miongoni mwao aliyekuwa na karatasi ya babu aliyebebwa utumwani. Walikuwa na lugha na kumbukumbu, na wenyeji wa Handeni walielewana nao kwa Kizigula. Nchi yetu ilistahili sifa kwa jambo lile, kama ilivyostahili sifa ilipowapa uraia zaidi ya wakimbizi Warundi 160,000 walioingia nchini mwaka 1972. Ndiyo maana nashindwa kuelewa: Serikali iliyoweza kumsikiliza Mzigua ambaye ukoo wake uliishi Somalia zaidi ya miaka 150, inakuwaje ishindwe kumsikiliza aliyezaliwa hospitali ya Bombo, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Kenya pale Horohoro?

Kuna fikra ambayo haiandikwi katika barua za ofisi lakini tunaikuta kila mahali, kwamba Mwislamu mwenye asili ya Arabuni, Bara Hindi au Somalia moyo wake uko huko. Nimekaa na watu hawa maisha yangu yote. Lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili. Kiarabu cha wengi wao ni kile cha sala na Kurani, kama changu. Vijana wao hugombana juu ya Coastal Union na African Sports. Sote tunaelekea kibla kimoja, Msambaa na Mshihiri, na Msambaa haulizwi kwa ajili ya kibla hicho iwapo anaipenda nchi yake. Mzee akiambiwa arudi kwao, hana kwao pengine: Yemen imo vitani tangu mwaka 2014, na hakuna kijiji huko kinachomjua. Jambo linalonitia hofu zaidi ni la vijana. Wameanza kuiacha nisba ya ukoo wanapojaza fomu, na mmoja aliniambia atawapa wanawe majina yasiyouliziwa. Mtu anayelazimika kujificha ili akubaliwe nchini mwake hawezi kuipenda nchi hiyo kwa utulivu.

Ninajua, Mheshimiwa, kwamba mkoa wetu uko mpakani na baharini, na kwamba watu kutoka Pembe ya Afrika hupitishwa humu kwa magendo kuelekea kusini. Ni wajibu wa Uhamiaji kuwa macho, nasi tunawasaidia. Lakini anayepitishwa usiku kwa lori hana rejesta ya shule ya Tanga wala bibi aliyezikwa Mkinga. Kumkagua mwenyeji kwa jina lake hakumkamati mpita njia. Majirani zetu wa Kenya wamelazimika kuutengeneza uharibifu wa namna hii baada ya miaka mingi, walipowatambua kuwa raia Wamakonde mwaka 2016 na Wapemba wa pwani yao mwaka 2023, watu ambao asili yao ni upande wetu.

Kwa hiyo ninaomba waraka wa wizara uzielekeze ofisi zote kwamba maswali ya uraia wa kuzaliwa yaishie kwa wazazi, na kwamba mama ahesabiwe sawasawa na baba. Orodha ya vielelezo ibandikwe ukutani, iwe moja kwa waombaji wote, na ndani yake yatambuliwe madaftari ya ndoa ya misikiti, rejesta za shule, barua za ajira na hati za nyumba pale ambapo cheti hakipo. Anayekataliwa apewe jibu kwa maandishi lenye sababu, na kwa muda uliowekwa, ili aweze kukata rufaa. Leo wengi wanaambiwa tu waje wiki ijayo. Na yule ambaye itathibitika kweli kwamba si raia, lakini ameishi hapa tangu utotoni, aelekezwe njia ya tajnisi, yaani kuomba na kupewa uraia, badala ya kutishwa kwa kufukuzwa. Maombi ya wazee wanaokusudia Hija ningeomba yashughulikiwe kwanza, kwa sababu umri hausubiri.

Madaftari yetu ya ndoa yako tayari kukaguliwa. Tunaomba umtume afisa mwenye mamlaka ya kuamua, aje Tanga, akae nasi Ngamiani na Chogo, ayapitie pamoja na wazee kabla ya msimu ujao wa Hija kufunguliwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kamati ya msikiti,
Ngamiani, Tanga.