Lincoln wa 1858 na Lincoln wa 1865

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Barua yako nimeisoma mara mbili na ghadhabu yako naielewa, kwani mtu aliyekua akiambiwa kwamba Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, ndiye mkombozi wa watumwa hana budi kushtuka akigundua kuwa huyo huyo, Septemba 1858, akiwania useneta, alisimama Charleston, Illinois, akatamka kwamba hakutaka watu weusi wapige kura wala wawe wazee wa baraza mahakamani. Aliyasema, nami simtetei. Tena Agosti 1862 aliwaita Ikulu wajumbe weusi akawashauri wakahamie nchi nyingine. Hilo naliona zito zaidi, maana safari hiyo hakuwa jukwaani akiomba kura.

Ninachokataa ni wewe kukomea hapo na kumhukumu kwa kauli hizo tu. Zipange kauli zake kwa tarehe, utamwona mtu anayesogea, polepole mno kwa aliyefungwa minyororo, lakini anasogea. Tangazo lake la Januari 1, 1863 la kuwaweka huru watumwa wa majimbo ya kusini yaliyoasi halikuwagusa watumwa wa majimbo ya mpakani yaliyobaki upande wa serikali, ila liliwafungulia weusi mlango wa jeshi, wakaingia karibu 180,000. Machi 1864, mara tu baada ya wajumbe wawili weusi wa New Orleans kumletea ombi lenye saini zaidi ya 1,000, alimwandikia gavana wa Louisiana kwa faragha, akipendekeza baadhi ya weusi wapewe kura, hasa waliopigana vitani. (Ombi lile halitajwi sana, ilhali bila wao sijui kama angeshika kalamu.)

Kisha ikaja jioni ya Aprili 11, 1865, siku mbili baada ya Jenerali Lee, kamanda wa jeshi la waasi wa kusini, kusalimu amri. Umati ulijaa chini ya dirisha la Ikulu ukingoja maneno ya ushindi, naye akausomea maelezo makavu juu ya serikali mpya ya Louisiana, na humo ndani akalisema hadharani lile alilomnong'oneza gavana. John Wilkes Booth, mwigizaji aliyewaunga mkono waasi, alikuwamo akisikiliza. Siku tatu baadaye Booth akampiga Lincoln risasi iliyomuua.

Hotuba yake ya Gettysburg, aliyoitoa 1863 kwenye makaburi ya askari, watoto wa Marekani huikariri, na ni tamu kweli. Ila ukitaka kumhukumu, anza na hii kavu ya dirishani, kisha niandikie tena.

Wako wa siku zote,
Hamisi