Shukrani kwa bibi wa Mgandini
Bibi uliyeketi karibu na wauza mbegu pale soko la Mgandini, sikukuuliza jina; shikamoo popote ulipo. Nilikulalamikia kwamba mchicha wangu wa kwanza, hapa uani Makorora, umeungua wote. Ukacheka. "Samadi umeitoa bandani jana, ukaimwaga leo?" Kweli kabisa! Ukaniambia niirundike mpaka ipoe, mbegu nizichanganye na mchanga mkavu zisije zikaangukia mahali pamoja, kisha nifunike tuta kwa makuti mpaka zichipue. Hata senti hukutaka. Jana, wiki ya nne, nimechuma fungu la kwanza nikaliunga kwa nazi. Mume wangu, mgumu wa kusifu yule, aliomba aongezewe. Bamia nazo zimeanza maua. Fungu lako lipo, bibi.